Nuru Haitoki Shimoni

Jumatatu, 3 Machi

Radhi kwa ukimya mrefu. Tangu mavuno ya zabibu yaanze sijaandika hata mstari mmoja. Sababu si kazi. Ni uvivu.

Asubuhi nimevuna upande wa bwawani. Mchana kikao cha baraza la wazee wa kanisa. Kikao kibaya.

Aliyeshtakiwa ni Tabitha. Anafundisha fizikia katika shule ya kanisa, na Jumapili alasiri ana darasa la vijana. Jumapili moja aliwaeleza habari za mashimo meusi ya angani. Akasema kwamba humo hata nuru haiwezi kutoka. Vijana wakalibeba neno hilo hadi majumbani, na wazazi wakalileta kwetu.

Mwenyekiti wetu, Mzee Yoeli, alipiga meza. "Nuru gani hiyo isiyoweza kutoka shimoni? Siku ya tatu ilitoka wapi basi? Gesti?"

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Kwaresima inaanza keshokutwa.

Imeamuliwa: Jumapili Tabitha asimame mbele ya ushirika asome ungamo. Asiposoma, aliache darasa la vijana, na shule pia. Ungamo niliandike mimi, kwa kuwa Kiswahili changu "hakina mwanya." Nilikubali upesi mno.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika: Nakiri kwamba niliikana Nuru. Nimefuta. Sentensi haina kosa la sarufi. Ila sijui kama ni kweli. Nimewakataza wanafunzi maisha yangu yote wasiandike wasichokielewa.

Kesho nitakwenda kumwuliza.

Jumatano, 5 Machi

Tabitha alinipa shikamoo kwa uso mkavu. Ni mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimwuliza jambo moja tu: kwa nini nuru, kwa nini si mwanga?

"Mwalimu, ningesema mwanga amenaswa, kipindi kingeishia hapo. Wangeuliza kama kanaswa pamoja na ungo wake."

Kweli. Mwanga ni wa taa, na mwanga ni mchawi. Akaona aepuke kicheko, akachukua nuru. Nilimwambia ngeli ingetosha kuyatenganisha maneno hayo: mwanga hauwezi, mwanga hawezi. Na hata hapo alipotania alipaswa kusema umenaswa, si amenaswa.

"Nani siku hizi anasikiliza ngeli, Mwalimu?"

Hilo liliniuma. Lakini kanisani nuru ina herufi kubwa, na herufi kubwa haisikiki masikioni.

Nikamwomba anieleze fundisho lenyewe. Nilidhani najua: kitu kizito huvuta kitu chepesi. Akakataa. Akaleta kibuyu. Sisimizi wawili, akasema, waanzie tumboni mwa kibuyu, bega kwa bega, kila mmoja aende mbele moja kwa moja bila kukata kona. Huko shingoni watakaribiana. Hakuna aliyemvuta mwenzake. Ni kibuyu kilichopinda. Ndivyo ilivyo kwa mahali na wakati, ambavyo kwa wanafizikia si vitu viwili bali kimoja. Kitu kizito hukipinda, na sisi tunafuata mkunjo wake tukisema tunavutwa.

"Kilichopindika," nilimsahihisha.

Akacheka.

Alhamisi, 6 Machi

Sina utulivu. Nimekaa juu ya jiwe shambani nikalihisi chini yangu. Tabitha anasema mtu anayeanguka hausikii uzito wake. Tunausikia kwa sababu ardhi inatuzuia tusianguke. Kwa hiyo jiwe ndilo linalonisukuma juu. Nina umri huu na sikuwahi kulifikiri. Nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani.

Nilirudi kwake. Nilitaka kujua kwa nini kisichotoka hakitoki. Kuna mlango huko? Kuna mdomo unaomeza?

Hakuna mdomo. Kuna mpaka tu. Ukishauvuka, alisema, kila njia inaelekea ndani. Katikati ya shimo hapako tena mbele yako, kama kijiji kilivyo mbele ya msafiri. Ni kesho yako. Huwezi kuikwepa kama usivyoweza kuikwepa Ijumaa.

Nikaelewa kwa njia yangu. Kielezi cha mahali kimegeuka njeo, alama ya wakati ujao. Pale imekuwa -ta-. Hakuna mwandishi wa sarufi aliyewahi kuniambia jambo la kutisha namna hiyo.

Ndani ya fundisho lake sikumwona aliyemkana yeyote.

Ijumaa, 7 Machi

Mzee Yoeli amekuja. Amesikia ninakoshinda.

"Mwalimu, tulikutuma uandike au ukaanze kidato cha tano?"

Nilimweleza habari ya nuru na mwanga. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Nimemzika mwanangu nikiamini kwamba Nuru ilitoka. Usiniletee msamiati."

Nilikuwepo kwenye maziko yale. Nilishika koleo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeandika hivi: Nilisema nuru nikikusudia mwanga wa jua na nyota. Sikumsema Bwana. Naomba radhi kwa neno hilo.

Mzee Yoeli alikata maneno mawili, neno hilo, akaandika juu yake fundisho hilo. Mengine ameyaacha. Anasema amelegeza kadiri awezavyo. Naamini. Lakini neno na fundisho si kitu kimoja. Tabitha akiomba radhi kwa neno, amesahihisha. Akiomba radhi kwa fundisho, ametangaza kwamba alifundisha uongo, na hakufundisha uongo.

Nilimpigia Tabitha nimwambie. Nilitumaini atakataa, nami niseme amekataa.

"Andika wewe, Mwalimu," alisema. "Nitasoma utakachoandika."

Nimemkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Mzee Yoeli. Mama yake anamtegemea kwa kila kitu. Na Tabitha anajua kwamba ninalijua hilo.

Jumapili, 9 Machi

Kengele ya kwanza imelia. Mke wangu ametangulia. Aliniuliza, "Umemaliza?" Nikasema bado. Akanishonea kifungo cha koti na kuondoka.

Nimeinakili karatasi upya kwa mwandiko wangu mzuri. Naomba radhi kwa, kisha nafasi, kisha hilo, kisha nukta. Nafasi inatosha kwa neno lolote kati ya yale mawili. Hilo linakubaliana na yote mawili, sarufi haitanisaidia.

Kuna upepo kidogo. Nawasikia watu wakisalimiana njiani. Nimemwona Tabitha akipita na mama yake, amevaa gauni jeupe, anatembea taratibu ili mama asiachwe nyuma. Hakutazama huku.

Kalamu ninayo mfukoni. Neno nitakalolijaza nitaliandika hapa pia, niwe nimelionea fahari au nimelionea haya.