Nyuki Ulionipa Bila Shahidi

Baba Atupele,

Hali yako sikuulizi. Nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia. Kuja kugomba kaburini siwezi, watu watasema nimechanganyikiwa. Darasa la nne langu linatosha kwa haya.

Mizinga mitatu ulinipa mwenyewe. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda jikoni, umeshika kikombe. Ukasema, "Mama Atupele, hawa nyuki ni wako. Mimi nimetengeneza masanduku tu." Tulikuwa mimi na wewe na sufuria ya maharage. Nikakwambia kamwambie mdogo wako. Ukasema utamwambia, haraka ya nini. Kilabuni uliwaambia watu kila kitu, mpaka nguruwe wetu ana mimba. Hili hukumwambia mtu. Halafu ukafa.

Matanga yamekwisha, hata wageni hawajapanda gari, mdogo wako Asajile akaja kutoka Msasani ya hapa mjini. Hakukaa. Alipita nyuma ya migomba, akawa anaigonga mizinga kwa kidole kama mtu anayenunua debe. Akasema nyuki ni mali ya ukoo. Nikamwambia kaka yako alinipa. Akauliza, mbele ya nani? Ningesema nini, mbele ya sufuria?

Akaniambia, "Shemeji, mwanamke hana nyuki. Wewe una chai yako."

Chai yangu. Chai ya tajiri, nachuma kibarua kwenye mvua na baridi mpaka vidole vinakufa ganzi, hiyo ndiyo yangu. Na nyuki niliowalinda na siafu miaka yote sio wangu.

Wewe unajua nani alikuwa anafanya kazi. Ulipopunguzwa kazi kule kiwandani ulirudi na msumeno na maneno mengi. Masanduku ulitengeneza vizuri, hilo sikatai. Lakini nyuki mmoja akikuuma uso wote unavimba kama andazi, unajifungia ndani. Mimi ndiye nilikuwa nawasha moshi. Mimi ndiye nilikuwa nafungua.

Ile kazi ya ubao nilikuwa naipenda. Asali ikishaiva sanduku la juu, tunatia ubao katikati, kati ya asali juu na malkia na watoto chini. Ubao una matundu mawili, kila tundu lina faneli ya wavu, mdomo mwembamba unaangalia chini. Nyuki wa juu wanamfuata malkia, wanapenya, wanashuka. Kurudi hawaoni njia. Unawaacha usiku na mchana. Ukija kufungua, juu asali tupu, wamebaki wawili watatu wazembe. Moshi mwingi hakuna, kuua hakuna. Ulikuwa unaweka sikio kwenye sanduku unasema, "Wamehama." Tukishabeba asali unawaambia "ndaga", asante ya kwetu, kama umepewa na jirani. Nilikuwa nakucheka. Sasa nani ataniambia wamehama? Ona, umeniharibia hata hilo.

Asajile alipata mnunuzi wa asali. Siku hizi ushirika umelala, kila mwenye pikapu ni mnunuzi, na wote wana haraka. Huyu alisema anapita siku moja tu. Basi Asajile akaja mapema kuweka ubao, mzinga wa kwanza. Alikuwa anakuona ukifanya, akajiona fundi. Unakumbuka ubao ulikuwa unauhifadhi darini faneli zikiangalia juu, zisibonyee? Yeye aliutoa hivyohivyo, akauweka hivyohivyo. Juu chini.

Nilimwambia. Sikumficha. Nilisema shemeji, hizo faneli zinaangalia chini. Akanijibu niende nikachemshe chai, kazi hii ameifanya na kaka yake kabla mimi sijaolewa. Mwongo. Kabla sijaolewa ulikuwa hujaona hata mzinga wa gogo. Nikaenda kuchemsha chai.

Unajua kilichotokea. Nyuki wa chini wote wakapanda kwenye asali, kushuka hawawezi. Siku ya mnunuzi Asajile akaja naye, na baba mdogo wako Mwakalinga kama mkubwa wa ukoo. Wamevaa mashati tu. Asajile akamwambia mnunuzi, "Humu hamna hata mmoja, njoo uone." Akafunua.

Baba Atupele, nilicheka. Mungu anisamehe, nilikuwa sijacheka tangu tukuzike. Mnunuzi aliingia kwenye mfereji na viatu vyake vya mjini. Baba mdogo alikimbia kwenye migomba, mzee yule wa mkongojo, na mkongojo ameuacha. Asajile alikuwa anapiga kelele kwa Kinyakyusa na Kiswahili pamoja. Nilisimama mlangoni na birika mkononi. Nikamuuliza chai atakunywa sasa au baadaye.

Pengine ningenyamaza asingefanya alichofanya. Sijui. Nimechoka kujiuliza, na simlipii mimi ubaya wake.

Alikwenda dukani, akarudi na chupa ya mafuta ya taa. Alifunga matambara kwenye mti, akachovya, akawasha, akauingiza kwenye mzinga ukiwa wazi. Nilimvuta shati, akanisukuma nikaangukia kuni. Nyuki walikuwa wanadondoka kama majani ya chai unapokung'uta kikapu. Malkia nilimwokota mimi, ameungua bawa, bado anatembea. Watoto waliokuwa ndani ya masega waliiva pale pale, weupe. Mzinga mmoja ukawa umekwisha hivyo. Mnunuzi alichovya kidole kwenye asali, akanusa. Akasema, "Hii ni ya kuwashia taa, mzee. Siyo ya kula." Akaondoka zake.

Asajile akasema Jumamosi atarudi kwa ile miwili, na safari hii ataanza na moto kabisa.

Hapo ndipo nilipokuchukia. Nasema ukweli. Maneno mawili tu ulitakiwa kusema, mbele ya mtu mmoja.

Nikaenda kwa baba mdogo. Midomo imemvimba, anakunywa uji kwa shida. Nilidhani atanifukuza. Aliniweka kwenye kiti, akamwita Asajile, akawaita wengine wa ukoo. Wakakaa wakaongea. Hukumu yao ni hii. Asajile asiguse tena moto. Lakini masanduku yalitengenezwa na mtoto wao kwa mikono yake, kwa hiyo ni ya ukoo. Mimi nikae nayaangalia. Siku nikiolewa au nikirudi kwetu, naacha. Baba mdogo akaona amenisaidia sana.

Yaani mimi mlinzi. Kibarua shambani, kibarua nyumbani.

Niliwaambia, "Masanduku chukueni. Nyuki nitahama nao."

Walicheka. Asajile akauliza nitawafunga kamba kama mbuzi, au nitawaswaga kwa fimbo? Baba mdogo naye alicheka, akashika mdomo, unamuuma. Akasema, "Kama wanakufuata, nenda nao, mama."

Wote walisikia. Safari hii nilihakikisha wote wamesikia.

Nilikwenda kwa fundi wa mtaa wa Bagamoyo hapa mjini, akanigongea masanduku mapya ya mizinga miwili, vipimo vile vile vyako. Hayana urembo kama yako. Kwanza nilitia ubao, faneli chini, nikasubiri kama tulivyokuwa tunasubiri. Asali ikatoka safi. Halafu nikawasha majani makavu ya mgomba, nikahamisha fremu za masega moja moja na nyuki wake wameng'ang'ania, malkia katikati. Sanduku jipya nikaliweka pale pale lilipokuwa la zamani. Waliotoka kutafuta maua wakarudi, wakazungukazunguka, wakanusa mlango. Wakaingia. Nimeumwa mikono yote. Nililia, lakini si kwa sababu hiyo.

Masanduku yako nikayafuta vizuri, nikayapeleka kwa baba mdogo, ya mizinga yote mitatu, hata lile lenye harufu ya mafuta ya taa. Asajile alikuwepo. Akasema nimeiba. Baba mdogo akayahesabu masanduku, akamuuliza ameiba nini. Asajile akageuka akaondoka. Hajaja tena.

Kwa hiyo nyuki ninao. Nimewapata mwenyewe. Wewe hukunipa, elewa hivyo. Ulisema tu.

Nami kifua hiki cha baridi sikiamini. Atupele yuko Mbeya anauza mitumba, anakuja mwisho wa mwezi. Nakuahidi, Jumapili hiyo nitamsimamisha mbele kanisani wakati wa matangazo, na Asajile nitamwalika, na baba mdogo akae mbele. Nitasema kwa sauti mizinga miwili ni ya mtoto wangu wa kike, nikiwa hai, nikiwa na akili zangu. Wakitaka niseme mara mbili nitasema.

Lala, Baba Atupele. Hasira bado ninayo. Siku hasira hiyo ikiisha nitakuja kung'oa majani hapo juu yako, sio kabla.

Mama Atupele