Mkono wa Fedha Shingoni mwa Kemunto

Ekerenyo

Dada yangu Phanice,

Sisi wote wa nyumbani tunakusalimu. Kwa kuwa tajiri wako alikunyang'anya simu, nampa Jemimah barua hii, maana anarudi huko kazini wiki hii. Mvua imenyesha vizuri na majani chai yamechipuka. Ng'ombe amezaa.

Ule mkono mdogo wa fedha uliomtumia mwanao Kemunto ulifika. Ulisema akina mama wa huko huwavalisha watoto ili kiganja kizuie jicho baya. Mama alifurahi, akasema ni jicho lile lile tunaloliita ebibiriria, akamfunga shingoni. Mzee Nehemiah wa kanisa akaja kumwonya.

"Mtoto wa Mkristo halindwi na chuma," alisema.

"Mama yake yuko Omani," Mama akamjibu. "Huu ndio mkono wake tulio nao hapa."

Mzee akatuombea, akaenda.

Kisha Kemunto akashikwa na homa ya mapafu. Nilimpeleka hospitali kwa bodaboda, wakamwekea oksijeni. Alikuwa ameushika ule mkono. Daktari alijaribu, dada. Jumapili asubuhi Kemunto akatuacha. Tumemzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba, na ule mkono hatukumvua.

Mama hataki kula wala kusema. Najua utataka kutoroka uje. Usitoroke, wasije wakakufunga bure. Hapa hakuna tena wa kumwahi.

Ni mimi mdogo wako,
Damaris