Kanda ya Hemed Iliyosafishwa

Jumamosi, Novemba 2005. Stratford. Mvua nyembamba tangu asubuhi, na mimi sijafungua hata pazia.

Leo binti yangu Salma ameniletea zawadi: CD mbili ndani ya kasha gumu, na kijitabu. Ni ile albamu ya rege aliyoipenda marehemu baba yake, toleo jipya lililotengenezwa kutoka kanda za mwanzo za studio. Hata vidole vikiteleza kwenye nyuzi za gitaa unavisikia.

Nimesoma kijitabu. Kumbe mume wangu Hemed alisema kweli. Wale vijana wa bendi walirekodi kwao Jamaika, kisha kanda zikaletwa hapa London zikaongezwa magitaa na kinanda, ili Waingereza wazikubali. CD moja ni kama ilivyotoka kisiwani, nyingine kama ilivyouzwa. Hemed alihadithiwa na Mjamaika mmoja aliyefanya naye kazi gereji ya mabasi. Akaniambia akicheka: "Kama sisi tu, mama Salma. Tumefika tukavishwa makoti."

Lakini mimi sikuomba CD.

Nilimpa Salma kanda ya baba yake, aliyoirekodi mwaka 1993 kwa kuweka redio kaseti mbele ya spika, maana hatukuwa na waya. Upande wa pili, katikati ya wimbo, kifuniko cha sufuria kinaanguka, na Hemed anasema, "We bibi, hebu tulia, narekodi!" Halafu nacheka mimi.

Ana miezi saba kaburini. Sauti yake nyingine sina.

Nilimwambia Salma, "Nisafishie hii, tupate ya pili." Kwetu Unguja picha husafishwa: unapeleka filamu studio, unasafishiwa, unapewa picha zako. Neno lilinitoka bila kufikiri; nilitaka nakala tu. Salma kazaliwa hapa. Kwake yeye, kusafisha ni kuondoa uchafu. Wala sikumwambia mna nini ndani. Nilitaka asikie mwenyewe. Hiyo ya pili ingekuwa yake.

Akampelekea mwenzake wa kazini anayejua mambo ya sauti. Huyo akamwambia kanda imechakaa, imejaa kelele, bora anunue toleo jipya.

"Na kanda yenyewe iko wapi?" nikamuuliza.

Akanijibu kwa Kiingereza chake, uso umemchanua, kwamba aliitupa, na gari la taka lilipita Alhamisi. "Sikiliza, Mama! Hakuna kelele hata kidogo!"

Nikasema, "Ahsante, mwanangu."

Alipoondoka niliuweka wimbo ule. Ulipofika pale pa kifuniko, ukapita.

Nimejaribu kumsikia kichwani. Maneno nayakumbuka yote, ila yanakuja kwa sauti yangu mimi.

Nimwambie? Atajua ametia sauti ya baba yake kwenye pipa, na hilo halitamtoka maisha. Sitamwambia. Kesho mchana anakuja tule, na atataka tusikilize pamoja. Nitakaa naye, CD zote mbili, mpaka mwisho.