Blanketi la Kijani Juu ya Tishari

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Anajulikana kama Mama Nahodha (jina la kitambulisho lipo kwenye jalada)
Umri: Miaka 58
Kazi: Kufua na kupiga pasi nguo za watu
Elimu: Aliishia darasa la tatu
Makazi: Nyumba ya mlango wa bluu, nyuma ya karakana ya seremala

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Kwanza nakusalimu, afande mwanangu, na salamu za nyumbani nazileta. Baba watoto anakusalimu, goti bado linamsumbua ila jana alifika kwa kinyozi na kurudi. Mama mkwe wangu anakusalimu na anauliza kama umeshaoa. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, anakusalimu, ndiye aliyenisindikiza na yuko hapo nje getini. Wajukuu wanakusalimu, mkubwa na mdogo, na mdogo ana kikohozi. Wifi yangu naye anakusalimu ingawa anaogopa polisi.

Afande ameniambia tuingie kwenye habari yenyewe. Nimemjibu kwamba habari bila salamu ni kama mgeni aliyeingilia dirishani. Amecheka, ameziandika zote.

Nahodha wa boti ya abiria ya asubuhi ni binti yangu, mzaliwa wangu wa kwanza. Nalisema hili mwanzo ili mtu asije akasema nimeficha. Mama ana mdomo kwa mtoto wake, sikatai. Lakini macho yangu hayana undugu na mtu.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumanne, kama saa mbili asubuhi, nilipanda boti hiyo kwenda ng'ambo kumwona dada yangu. Nilikuwa na chupa ya chai ya nahodha, maana alitoka nyumbani bila kutia kitu tumboni. Nilimpelekea juu kwenye chumba cha usukani, nia yangu nimpe nishuke. Mara mvua ikaanza kumwagika, na ngazi ile ni ya chuma, iko nje. Akaniambia, "Mama, utateleza. Kaa kwenye benchi, shika chuma, na usiniongeleshe."

Nilikaa. Nilishika. Na kinywa nilifunga, jambo ambalo baba watoto hakuliamini nilipomsimulia.

Mle ndani tulikuwa watatu: nahodha, mimi, na msaidizi wake wanayemwita Mjomba Kamba, mtu mzima aliyeanza kazi za majini kabla binti yangu hajaota meno. Mvua ilikuwa nene, hata pua ya boti hatukuiona. Abiria huko chini walishusha maturubai pande zote wasilowe. Kwa hiyo wao hawakuona nje hata kidogo, na hilo naomba liandikwe vizuri.

Mbele ya nahodha kuna kioo kama televisheni ndogo, chenye ramani ya maji. Nakijua, kwa sababu alishanifundisha siku moja boti ikiwa imefungwa gatini. Kila chombo chenye mtambo wa kujitangaza huonekana pale kama pembetatu ndogo, na mstari mbele yake unaonyesha kinakoelekea. Ukiigusa pembetatu, inakwambia jina la chombo, aina yake na mwendo wake. Ni kama kumjua mtu jina kabla hajabisha hodi. Siku hiyo aliniambia pia, "Mama, kioo kinamwonyesha anayejitaja. Asiyejitaja yupo vilevile."

Asubuhi ile kulikuwa na pembetatu moja karibu, inakatiza mbele yetu kutoka kulia kwenda kushoto. Nahodha aliigusa, akasema ni tagi, ile boti ndogo yenye nguvu ya kuvuta vyombo vikubwa. Tukaiangalia kwenye kioo mpaka ikapita.

Mjomba Kamba akasema, "Huyo kashatupisha. Tupite nyuma yake, watu wamechelewa."

Nahodha alikikazia kioo macho kama mimi ninavyolikazia doa nisilolielewa. Kisha akasema, "Mjomba, huyu akiwa peke yake hukimbia. Mbona leo anajikokota?"

"Mvua hiyo. Anaogopa."

"Tagi gani inaogopa mvua? Kuna kitu anakivuta."

"Kwenye kioo hakuna kitu, mwanangu."

"Ndicho ninachokiogopa."

Akaiita tagi kwenye redio, akaita tena. Hakujibiwa ila kwa mikwaruzo. Hapo akavuta injini nyuma, akapiga honi, akakata usukani kulia kwa nguvu zake zote. Boti ililala ubavu. Kutoka chini nikasikia mayowe na vitu vikianguka. Chupa yangu ya chai ikaviringika, na Mjomba Kamba akainama kuidaka isije ikaniunguza miguu. Namshukuru. Lakini ndiyo maana anasema hakuona kitu nje. Si mwongo. Alikuwa chini ya benchi anapigana na chupa yangu.

Mimi nilikuwa nimegeukia dirisha la kushoto, na mimi nililiona. Lilikuwa tishari, kile chombo bapa cha mizigo kisicho na injini. Limejaa mchanga, kutu tupu, refu kuliko uchochoro wetu, halina hata taa moja. Mbele yake waya mnene ulikuwa ukizama na kuibuka majini. Kama tungepita nyuma ya tagi, tungeuingia waya huo, na tishari lingetupanda na watu wote wale ndani ya maturubai. Lilipita karibu kiasi kwamba ningekuwa na mti wangu wa kuanikia ningeligusa.

Juu yake kuna kibanda kidogo. Mbele ya kibanda, kwenye kamba, kulikuwa na blanketi la kijani lenye milia miwili myeupe, kona moja ina kiraka cha jinzi. Lilikunjwa mara mbili juu ya kamba, na mvua yote inalinyeshea. Nikasema moyoni, huyu mtu hana mama? Blanketi huanikwa kwa kutandazwa. Likikunjwa hivyo, hata lipigwe na jua wiki nzima, katikati litabaki bichi.

Afande ameniuliza kama kweli katika hatari ile nilitazama blanketi. Nimemjibu, wewe ungetazama bunduki.

Tishari likamezwa na mvua. Mjomba Kamba alipoinuka na chupa mkononi, nje kulikuwa kweupe. Nahodha akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Mjomba, shuka ukawaangalie watu."

Fundi cherehani mmoja aliteguka mkono na muuza mayai alivunjikiwa trei zake. Nawapa pole wote wawili. Lakini muuza mayai alisimama gatini akasema mbele za watu, "Mwanamke kapewa usukani, anapiga soga na mama yake." Soga gani? Nilikuwa nimekatazwa kuongea.

Mwenye boti ameangalia kumbukumbu za kioo, akaona tagi ilikuwa imeshapita na mbele hapakuwa na chombo kingine. Wenye tagi nao wamesema asubuhi ile hawakuvuta kitu. Sasa binti yangu amenyang'anywa funguo, na wanataka avuliwe cheti cha unahodha. Jana, saa ya safari yake, alikaa uani ananisaidia kukamua mashuka. Niliumia kuliko kama angelia.

Mimi sina la kumfundisha kuhusu maji. Ila namjua. Alipokuwa mdogo, wenzake wakicheza kujificha, hakuhangaika na waliokuwa wakicheka vichakani. Alisimama katikati ya uwanja akauliza, "Nani yuko kimya?" Mtoto wangu ni huyo. Aliokoa watu ambao hawajui kuwa waliokolewa, mmoja wao anadai mayai, na mimi natembea mtaani kichwa juu.

Afande, litafute blanketi hilo kabla mwenyewe hajaamka akaligeuza. Na ukipata jambo, hata nusu yake, nipigie upesi, usisubiri hata chai. Nyumbani hakuna anayelala, na mama mkwe ananiuliza kila nikipita mlangoni kwake.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu haya. Sijaongeza chumvi. Nimesomewa yote, hata salamu, na ni yangu.

Dole gumba la shahidi: (limewekwa)
Tarehe 16

Maelezo ya askari: Maelezo haya yamechukuliwa nami, nimemsomea shahidi na ameyakubali. Alipokuwa akiondoka alinieleza kwamba kola yangu imepigwa pasi upande usio sahihi.

Nyongeza, tarehe 17: Asubuhi nimefika kwenye gati la mchanga. Tishari limefungwa hapo, halina taa wala mtambo wa kujitangaza. Mlinzi wake amekiri kwamba tarehe 14 lilivutwa na tagi iliyotajwa. Blanketi la kijani, milia miwili, kiraka cha jinzi, lipo kwenye kamba, limekunjwa mara mbili. Nimetia mkono katikati. Bichi.

Shahidi amepigiwa simu. Chai bado sijanywa.