Shimo ya Simu ya Cyanzarwe

Gisenyi, 3 Machi 2025

Mama yangu mupenzi,

Jambo. Uko muzima huko Kamembe? Magoti inauma bado? Mi niko muzima, baridi ya mvua tu. Barua hii nimepa Wellars dereva wa basi, juu we na simu ni maadui, watu wote wanajua.

Mama, watu ya Umutoni, muchumba wangu, wamekubali tuje kuomba binti yao. Lakini muzee wao anauliza: baba ya Evode iko wapi? Amekufa ao iko hai? Nijibu nini? Siwezi kusimama mbele ya familia muzima nikikohoa tu.

Na lile shimo ya simu kule Cyanzarwe, kwenye baba alikuwa anafanya kazi ya kuunganisha simu, mwenye shamba anataka kuijaza mawe. Nimeomba niingie kwanza. Nataka kuona kiti ya huyo mufalme aliyetutupa.

Mutoto wako,
Evode

Kamembe, 11 Machi

Evode mutoto wangu,

Salamu nimepokea. Magoti inauma, roho iko sawa. Kula vizuri, umekonda kwenye ile picha ulinitumia.

Waambie baba yako alitukimbia, kwisha. Ati mufalme! Mufalme wa nini? Mutu wa kukaa chini ya udongo kama panya, anasema "allo, allo" na watu hawamujui! Akirudi nyumbani, kimya. "Siri ya kazi," ati. Na mi kila asubuhi namufungia chakula, bakuli ndani ya kitambaa, kifundo yangu ya kugeuza, ile mama yangu alinifundisha. Mutu mwingine haiwezi kuifungua. Siku moja, we uko mugongoni, hakurudi. Chef wake, mukubwa wa kazi, akakuja, kofia mukononi: "Mama, bwana yako amevuka Goma na mwanamuke." Majirani wakacheka mpaka nikahama. Nguo zake nilichoma, hata koti ya harusi. Jina yake sitaandika.

Usiingie. Kule chini iko mazuku, ile hewa mubaya ya volkano inalala kwenye mashimo, inaua mbuzi na watu. Ufe juu ya yule? Ptu!

Mama yako, asiye na bwana

Gisenyi, 2 Aprili

Mama,

Jambo. Naomba ukae chini kwanza.

Niliingia. Tulishusha taa ya petroli kwa kamba, ikazimika: mazuku iko. Bon, tukapuliza hewa na mashini mpaka taa ikabaki inawaka. Mulango ya chini ilikuwa na kufuli kwa inje. Kwa inje, mama! Fundi akaikata.

Matusi nilikuwa nimetayarisha. Ndani iko meza ya chuma, masimu, waya zimeliwa na kutu. Na mutu amelala chini ya meza. Mifupa tu, na koti ya kazi. Kwenye kifua iko kibati ya jina: Bahizi. Ni baba. Hakuvuka Goma, hakuenda fasi yoyote. Mazuku ilimukuta kazini, na yule chef, badala ya kumutoa na kuulizwa maswali, alifunga kufuli akakuja kukudanganya.

Pembeni yake iko bakuli ndani ya kitambaa ya bluu. Kifundo nimejaribu, nimeshindwa. Hakukula, mama. Nimelia sana.

Evode wako

Gisenyi, 24 Aprili

Mama, uko muzima kweli? Wellars anaapa barua alikupa mukononi, ukasoma, ukaingia ndani bila kumupa hata maji. We! Kunyima mutu maji! Padiri anauliza tuzike lini. Muzee wa Umutoni anangoja. Nijibu basi.

Mutoto wako

Kamembe, 29 Aprili

Evode,

Jambo mutoto wangu. Mi siko muzima, sitakudanganya.

Yule chef alikufa tajiri, walimuzika na nyimbo. Aoze! Majirani waliocheka, waite wote kwenye mazishi, nataka kuwaangalia machoni mumoja mumoja. Na baba yako, mupumbavu ule! Asubuhi ile nilimwambia, kula maharagwe ingali moto. Angesikia wapi, na masikio yote mbili iko kwenye simu?

Nakuja na basi ya Wellars siku ya tano, tarehe 2 Mei. Musimuzike mbele sijafika. Watu ya Umutoni waambie baba yako alikufa kazini, na mi mwenyewe nitakuja kusema hiyo kwa kinywa yangu.

Kitambaa musiguse na kisu. Kifundo hiyo nitafungua mimi.

Mama yako, muke ya Bahizi