Breki Zilikuwa Sawa

Supa, Lemayian.

Najua hutaitikia "ipa", lakini nimekusalimia kwa Kimaasai chenu. Sikia sasa. Kutoka Kitengela mpaka Namanga hakuna mtu wa kuelekeza lori kama mimi Kyalo. Nikipunga huu mkono, lori la mawe linarudi nyuma, linapita kwa tundu la sindano na rangi haikwaruziki. Kama kungekuwa na digrii ya kupunga mkono, ningekuwa nayo, na wewe na Form Four yako ungenibebea begi.

Umecheka? Huwa unacheka hapo.

Tangu lori lianguke kwa kwari, kwa shimo letu la mawe, na wewe ndani, tukakuzika kule kwenu Kajiado, mambo imebadilika. Mvua ilikuja, ng'ombe za mzee wako zimenona. Kitengela inajengwa kama wazimu na kila ploti inataka mawe yetu. Pale tulikuwa tunanywa chai siku hizi ni hewa tupu. Ukingo unasonga kila wiki. Wachongaji wanasema asubuhi ardhi inaguna. Mimi nawaambia ni tumbo zao, halafu nasimama mbali.

Unakumbuka ulivyoniambia ninyooshe kidole gumba, nifunge jicho moja, halafu lile lingine? Kidole kikaruka huku na huku. Nikasema huo ni uchawi. Ukasema, "Wacha ushamba. Kila jicho liko na picha yake. Akili inaziweka pamoja, ndio unajua kitu iko mbali ama karibu." Nikakujibu macho yangu hayakuhitaji mwalimu.

Wiki mbili kabla ya siku yako, kipande cha jiwe kiliruka kutoka kwa nyundo kikaniingia jicho la kushoto. Niliwaambia ni vumbi. Baadaye nikajaribu ile ya kidole nyuma ya choo, peke yangu. Hakikuruka. Kushoto kulikuwa na ukungu tu. Nikaanza kumwaga chai kando ya kikombe, na nyinyi mkasema, "Kyalo amelewa saa tatu asubuhi." Nikacheka na nyinyi. Ni nani angempa mtu wa jicho moja kazi ya kuelekeza lori?

Jana ndugu yako mdogo, Sankale, alikuja na leseni mpya. Amepewa lori. Kesho asubuhi anarudisha nyuma pale pale ukingoni, na hataki mtu mwingine, ananitaka mimi, eti wewe ulimwambia Kyalo ndiye namba moja. Mama yenu alinipikia chai. Alinishika mkono akaniombea, akamwambia Mungu alaani breki mbaya zilizokuangusha. Nikasema amina.

Lala, ndugu yangu. Kesho kabla Sankale awashe injini nitamwambia. Halafu nitaenda kwa mama nimwambie yeye pia, anifanye vile ataona. Hiyo nimekuahidi, na siyo maneno yangu yale ya kila siku.

Breki zilikuwa sawa, Lemayian. Ulitoa kichwa dirishani ukaniuliza, "Kyalo, ukingo unauona?" Ningesema ngoja nitembee nipime kwa hatua. Lakini vijana wote walikuwa wananiangalia, na nilitaka kuonekana mtu. Nikakuambia nauona, kuja tu.

Sikuwa nauona.