Geji Zilizosomeka Kinyume

Karakol,
Jumatatu, 9 Oktoba 2023

Mpendwa mdogo wangu Taalai,

Pokea salamu za nyumba nzima, hata za wale wanaojifanya wamenuna kwa sababu hupigi simu. Hujambo huko Busan? Mgongo unaendeleaje? Ule mkanda wa sufu ya ngamia niliokutumia unaufunga kiunoni ukiwa kazini, au umeukunja sandukuni ili usichekwe na Wakorea? Ufunge. Meli utakazochomelea zipo nyingi, mgongo unao mmoja.

Sisi tu wazima. Viazi tumevitoa vyote shambani kabla ya baridi kushika, na theluji imeshavisha vilele. Mwanangu Ermek yuko mgodini kwa zamu yake ya wiki mbili. Mjukuu wako Aizat ameota meno mawili, anauma kila kitu, juzi kamuuma paka naye paka akahama nyumba siku nzima. Shemeji yako Ormon hana neno, ila goti humsumbua mvua ikikaribia.

Lakini sikukalia kiti kukuandikia habari za paka. Nataka kumsifu mkamwana wangu, Burul. Ndiyo, yule yule niliyekulalamikia mwaka wa harusi kwamba mwanangu ametuletea msichana asiye na ulimi. Nilikwambia anajua kusema "ndiyo, Mama" na "haya, Mama" basi. Kama bado unayakumbuka maneno yale, yafute. Nimeona haya kuyatamka kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unajua gari la shemeji yako, lile la Kijapani la dizeli lenye usukani kulia. Mwaka jana liliunguza hedi, kile kichwa cha injini, njiani kwenda Enilchek. Ile geji ya joto iliyomo kwenye dashibodi haikusogea hata unywele, na mshale ulipokuja kuruka, injini ilikuwa imeshapikwa. Tulikaa kiangazi kizima bila gari. Tangu hapo Ormon akaapa hapandi tena mlima bila geji zake mwenyewe, moja ya joto la maji na moja ya presha ya oili, zikae mbele ya macho yake.

Geji alizipata sokoni. Kilichomshinda ni kishikio chake, yaani lile pande la plastiki lenye matundu mawili ya duara, linalopachikwa kwenye nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele. Vilivyopo sokoni ni vya magari yenye usukani kushoto. Kwenye gari lake kinakaa kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha ng'ombe. Madereva wenzake wa stendi walikuwa na shida hiyo hiyo. Basi mwezi wa saba akaona tangazo kwenye simu, duka linauza vishikio vya usukani wa kulia, bei nusu ya wengine, na picha juu. Akalipeleka stendi. Madereva tisa wakamwamini, wakamtumia pesa kwenye kadi yake ili aagize vyote kwa pamoja.

Nawe unamjua Ormon. Ana miaka thelathini stendi pale, na hakuna aliyewahi kusema Ormon kala changu.

Siku ya kulipa walikuja nyumbani watatu, akiwemo Sadyr, yule mwenye maneno mengi na masharubu machache. Ilikuwa asubuhi, wamekaa wanakunywa chai, Ormon ameshika simu kwa mbali kama anayempiga picha mbuzi, maana miwani hataki kuvaa mbele ya watu. Muuzaji alikuwa anamwandikia mfululizo: fanya haraka, punguzo linaisha saa sita mchana, tuma kwenye kadi hii. Burul alikuwa anagawa mkate. Akamchungulia baba mkwe wake begani, akasimama pale pale na sahani mkononi.

"Baba, usibonyeze," akasema.

Taalai, unajua kwetu mkamwana hamkatizi baba mkwe hata wakiwa wawili tu, sembuse mbele ya wageni. Mimi nilihisi uso unawaka. Nikamkonyeza arudi jikoni, akaniona, na hakurudi.

"Kuna nini?" Ormon akauliza, bila kumtazama.

"Kadi unakotuma pesa ni ya mtu, si ya duka. Na mtu huyo simjui, wewe humjui."

Sadyr akacheka mpaka chai ikamwagika. "Ormon, ndugu yangu, tuambie mapema. Siku hizi humu ndani nani anashika usukani? Ili tujue wa kumlipa nauli."

Wenzake nao wakacheka. Shingo ya Ormon ikawa nyekundu. Akasema kwa sauti ile ya chini ninayoiogopa kuliko ya juu, "Binti, nimenunua magari kabla hujazaliwa."

"Najua, Baba. Nipe dakika kumi tu. Nikikosea, nitawaomba radhi wote hawa mmoja mmoja."

Sijui kilichomfanya ampe ile simu. Labda ni kwa kuwa yule binti alikuwa ameshaunyoosha mkono na hakuurudisha. Burul akaketi pale pale mlangoni, akamwandikia muuzaji huku anatusomea kwa sauti. Akamwomba apige picha ya kishikio kimoja kikiwa kando ya karatasi iliyoandikwa "Karakol" na tarehe ya siku ile. Muuzaji akajibu hana muda, wateja ni wengi. Akamwomba alipwe posta mzigo ukifika. Akakataa. Kisha, bila kuombwa, akatuma linki: kama mnaogopa kutuma kwenye kadi, lipeni hapa. Burul akaifungua. Inataka namba ya kadi, zile tarakimu tatu za nyuma, na namba za siri ambazo benki ingetuma kwenye simu.

"Hii siyo ya kupokea bei ya vishikio," Burul akasema. "Akizipata hizi anaingia, anachukua kila kilichomo kwenye kadi. Cha Baba na chenu."

"Maneno," akasema Sadyr, lakini hakuwa anacheka tena. "Picha je? Kishikio si hicho hapo, na usukani kulia?"

Burul akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akamsogezea. "Mjomba Sadyr, nisomee geji hiyo."

Sadyr akainamia. Akageuza kichwa huku, akageuza kule. Namba zilikuwa zimeandikwa kinyumenyume, kama unavyosoma maandishi kwenye kioo. Lilikuwa gari la usukani wa kushoto. Tapeli aliigeuza picha tu ili usukani uonekane kulia, akasahau kwamba na tarakimu zitageuka nazo. Watu wazima kumi walikuwa wameitazama picha ile wiki nzima, wote wameshika usukani maisha yao yote, na hakuna aliyeona.

Ormon akavaa miwani, mbele ya watu. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaiweka simu kifudifudi mezani na kumwambia Burul, "Kaa unywe chai." Baadaye tulisikia kwamba madereva wa mji mwingine huko kusini walilipa kwa linki hiyo hiyo, na wengine walikombwa kadi zao zote mchana mmoja.

Wageni walipoondoka nilimfuata jikoni. Nilitaka kumgombeza kidogo, nikuambie ukweli, kwa sababu ya ile aibu. Nikamkuta analia juu ya karai la vyombo. Nikamuuliza, haya yote umeyajulia wapi? Ndipo akanieleza jambo ambalo hata Ermek hakuwa analijua.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, kule kwao Balykchy, baba yake alipigiwa simu na mtu aliyejiita afisa wa benki. Mzee hakuona vizuri maandishi madogo, akamwita binti yake amsomee namba zilizoingia kwenye simu. "Mimi ndiye niliyemsomea, Mama," akaniambia. "Kwa sauti nzuri, moja moja, ili asikosee." Ilikuwa pesa ya ng'ombe wawili waliouzwa ili paa lijengwe. Baba yake hakumlaumu hata siku moja, ila hakukaa tena na wazee wenzake mpaka alipofariki. Burul akaenda kufanya kazi kwenye duka la simu, na huko akajifunza hila zote, moja baada ya nyingine, kwa kuwauliza waliotapeliwa.

Taalai, miaka mitatu nilidhani ukimya wake ni uzito wa akili. Nilimshika nikamkumbatia, mikono yake ina povu.

Vishikio vilipatikana. Yeye mwenyewe ndiye aliyetafuta, akampata kijana mmoja wa Almaty, Rustem, anayevitengeneza katika karakana yake ndogo. Kwanza alimpigia simu ya picha, akamtaka akipachike kishikio kwenye gari la usukani wa kulia tukiona, Ormon akiwa kando anauliza maswali ya kifundi mpaka Rustem akatoka jasho. Kisha akafungua kadi ya pili kwenye programu ya benki, akaweka humo bei ya vishikio tu, akalipa, na papo hapo akaifunga. "Hata akiwa mwizi," akasema, "atakuta sufuria tupu." Rustem hakuwa mwizi. Siku ya kumi na mbili mzigo ukafika, vishikio kumi, vimefungwa kila kimoja kwa gazeti kama mayai.

Ormon alikipachika chake mchana kutwa, na kila mtu aliyepita barabarani aliitwa aone.

Sasa nikupe yaliyotokea mwezi uliopita. Mama yake Sadyr alikuwa bado juu malishoni, ng'ambo ya mlima, akashikwa na maumivu makali ya tumbo. Gari la Sadyr lilikuwa limefunguliwa injini. Ormon akaenda naye kumchukua. Wakati wa kurudi, wakiupanda ule mlima wa Chong-Ashuu, theluji inaanguka, bibi amelazwa nyuma anaugua, Ormon akaona mshale wa joto kwenye ile geji mpya unapanda polepole. Geji ya zamani ilikuwa imelala tuli kama kawaida yake. Akasimamisha gari. Sadyr akapiga kelele, "Unasimama nini, mama yangu anakufa!" Ormon akamjibu, "Tukiendelea tutakufa wanne, na gari likiwa la kwanza." Akafungua boneti, akakuta mpira wa maji umepasuka karibu na klipu inayoubana, unavuja uzi mwembamba. Akakata sehemu mbovu, akafunga upya, akangoja injini ipoe kidogo, wakaongeza maji ya kijito. Wakavuka. Madaktari walimpasua bibi jioni ile ile. Kidole tumbo kilikuwa bado saa chache kipasuke.

Bibi sasa ni mzima na ameshaanza kugombana na wauguzi wote anaowakumbuka kwa majina.

Tangu hapo hakuna dereva pale stendi anayelipia kitu mtandaoni kabla ya kupita kwangu. Wanakuja na simu zao, wanavua viatu, wanauliza, "Mwalimu yupo?" Wiki iliyopita chama cha wastaafu kilimwomba azungumze na wazee. Alizungumza saa nzima, Taalai! Yule asiye na ulimi! Nilikaa mstari wa mbele nikawa nageuka nyuma kuhakikisha kwamba hakuna anayesinzia.

Jumamosi Sadyr alileta kondoo kumshukuru Mungu kwa uzima wa mama yake, tukamchinjia hapa kwetu. Nyumba ilijaa. Burul alikuwa mahali pake karibu na mlango, anamimina chai. Kabla ya kula, Ormon alifungua viganja kuomba dua. Akaomba uzima, akaomba mvua, akamwombea Ermek arudi salama. Kisha akasema, "Na umlinde mwanangu Burul, na baba yake aliyemlea umrehemu, na umfikishie habari kwamba binti yake ameinua vichwa vya wanaume kumi." Watu wote wakaitikia amina. Sadyr ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote.

Burul aliinamisha uso, birika mkononi, hawezi kumimina. Nikainuka nikalichukua. Nikamketisha pembeni yangu, kule juu wanakokaa wageni wa heshima, nikammiminia chai mimi mwenyewe, kidogo tu kwenye bakuli ili aongezewe tena na tena, kama tunavyommiminia mgeni ambaye hatutaki aondoke.

Msalimie mkeo Nazgul na uwabusu watoto. Dada yetu Uulzhan anakusalimu, vivyo hivyo Ormon, Ermek, na Sadyr anayesema umletee gari ukirudi. Burul anakusalimu kwa heshima zote. Mungu akupe mikono yenye nguvu, njia nyeupe isiyo na mikosi, na akurudishe kwetu ukiwa mnene.

Ni mimi dada yako akupendaye, na leo mwenye kujivuna kuliko wanawake wote wa mtaa huu,

Kalipa